Kiu ya mwanariadha: historia ya ushauri uliopinduka mara mbili

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wakimbiaji wa masafa marefu waliambiwa kwamba kunywa maji njiani ni dalili ya udhaifu. Baadaye wakaambiwa wanywe kabla kiu haijawashika, na wanywe kadiri tumbo linavyoweza kubeba. Ushauri wa kwanza na wa pili ulitolewa kwa jina la sayansi, na kila mmoja uliwaweka wanariadha hatarini. Historia hiyo inaonyesha jinsi dai la afya linavyoweza kuutangulia ushahidi kwa miaka mingi kabla ya kupimwa.

Maji yanyimwa wakimbiaji

Tarehe 30 Agosti mwaka 1904, wanaume 32 walianza mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki mjini St. Louis, nchini Marekani. Joto lilizidi nyuzi 30 za Selsiasi, barabara zilikuwa za udongo, na magari ya wasimamizi yalitimua vumbi lililowaingia wakimbiaji vifuani. Maji ya kunywa yalikuwa adimu mno. James Sullivan, aliyekuwa msimamizi mkuu wa michezo hiyo, alipunguza kwa makusudi nafasi za kunywa maji njiani, akitaka kuona jinsi mwili unavyokabiliana na ukosefu wa maji. Waliofika mwisho walikuwa 14 tu. Miongoni mwao walikuwamo Waafrika wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane aliyeshika nafasi ya tisa na Jan Mashiani aliyekuwa wa kumi na mbili.

Mshindi, Thomas Hicks wa Marekani, aliomba maji akiwa bado na safari ndefu mbele yake. Wasaidizi wake walikataa, wakamlowesha kinywa kwa sifongo tu. Badala ya maji walimpa ute wa yai uliochanganywa na striknini, sumu ambayo wakati huo iliaminiwa kuwa humchangamsha mtu ikitumiwa kwa kipimo kidogo, kisha wakamwongezea brandi. Hicks alimaliza mbio akiwa karibu kuzimia.

Mtu angetarajia kwamba baada ya siku kama hiyo maji yangeruhusiwa bila kipingamizi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1909 Sullivan alichapisha kitabu kuhusu mbio za marathoni, na ndani yake akawaasa wakimbiaji wasijizoeze kula wala kunywa wakiwa mbioni. Hata kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani za mwaka 1953 zilielekeza kwamba vinywaji vitolewe baada ya kilomita 15 za mwanzo, na mkimbiaji hakuruhusiwa kutumia kingine chochote isipokuwa kilichotolewa na waandaaji. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver, Muingereza Jim Peters, aliyekuwa na kasi kuliko mkimbiaji mwingine yeyote wa marathoni wa zama zake, aliingia uwanjani akiwa ameongoza kwa mbali sana, lakini akaanguka tena na tena katika jua kali na kushindwa kuufikia mstari wa mwisho.

Sukari yapita katika mizani

Wakati suala la maji likiachiwa desturi, suala la chakula lilianza kufikishwa maabara. Mwaka 1924 madaktari mjini Boston, wakiongozwa na Samuel Levine, waliwapima damu wakimbiaji waliomaliza marathoni ya mji huo. Waligundua kwamba baadhi yao walikuwa na upungufu mkubwa wa sukari, na kwamba waliokuwa nao ndio walioonekana kudhoofika na kuchanganyikiwa zaidi. Mwaka 1925 madaktari hao waliwashauri baadhi ya wakimbiaji wale vyakula vya wanga kabla ya mbio na peremende wakiwa njiani. Safari hiyo sukari yao haikushuka kama mwanzo, na hali zao zilikuwa nzuri zaidi.

Mwaka 1939 watafiti wawili wa Copenhagen, Christensen na Hansen, walionyesha kwamba mtu aliyekula wanga kwa wingi kwa siku kadhaa aliweza kuendesha baiskeli ya maabara kwa muda unaozidi mara mbili ya ule wa mtu aliyekula mafuta. Sababu yake ilibaki kitendawili hadi miaka ya 1960, wakati daktari wa Kiswidi Jonas Bergström alipoanza kutumia sindano maalumu ya kuchota kipande kidogo cha msuli. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Eric Hultman walijifanya wenyewe kuwa watu wa majaribio. Walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akizungusha pedali kwa mguu mmoja huku mguu wa pili ukipumzika, mpaka walipochoka kabisa. Kisha wakala wanga kwa wingi kwa siku tatu. Ghala la sukari ndani ya msuli, liitwalo glikojeni, lilijaa katika mguu uliofanya kazi hadi kufikia kama mara mbili ya ule uliopumzika.

Miaka mitatu baadaye Muingereza Ron Hill aliutumia ujuzi huo na kuibuka bingwa wa marathoni wa Ulaya mjini Athens. Dai kwamba wanga humsaidia mkimbiaji wa masafa marefu lilikuwa limepita katika mizani, na chanzo chake kilikuwa kimejulikana.

Kinywaji kutoka Florida

Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Florida, kocha msaidizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani alimuuliza daktari wa figo Robert Cade kwa nini wachezaji wake hawapati haja ndogo wakati wa mechi. Cade alijibu kwamba maji yao yote yalikuwa yakitoka kwa njia ya jasho. Yeye na wenzake wakatengeneza mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi, ambao uliitwa Gatorade kutokana na jina la utani la timu hiyo.

Msingi wa mchanganyiko huo ulikuwa wa kweli. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alikuwa ameeleza kwamba sukari na sodiamu, iliyomo katika chumvi ya kawaida, husaidiana kupenya ukuta wa utumbo, na maji huvifuata. Elimu hiyo hiyo ndiyo iliyozaa maji ya chumvi na sukari wanayopewa watoto wenye kuharisha, dawa rahisi iliyookoa maelfu ya maisha katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh mwaka 1971 na kisha kuenea ulimwenguni.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kinywaji hiki hakikuwa kibaya, lakini kilitembezwa mno. Kadiri marathoni ilivyokuwa mchezo wa umma katika miaka ya 1970 na 1980, ndivyo biashara ya vinywaji vya wanariadha ilivyokua, na fedha zake zikagharimia mashindano, mikutano ya wataalamu na hata utafiti.

Sayansi nayo ilikuwa imetoa kauli iliyofaa kutangazwa. Mwaka 1969 watafiti Cyril Wyndham na Nicholas Strydom wa Afrika Kusini, ambao kazi yao ilikuwa kuchunguza athari za joto kwa wachimba migodi, walichapisha makala kuhusu hatari ya kutokunywa maji ya kutosha katika marathoni. Waliwapima wakimbiaji katika mbio za kilomita 32 na kuona kwamba waliopoteza maji mengi walikuwa na joto kubwa zaidi mwilini. Wakapendekeza mililita 300 kila dakika 20, yaani karibu lita moja kwa saa. Wakosoaji walikuja kusema baadaye kwamba anayekimbia kasi huzalisha joto jingi na jasho jingi kwa pamoja, kwa hiyo mambo hayo mawili kuonekana pamoja hakuthibitishi kwamba moja ndilo lililosababisha lingine. Tena hakuna aliyeugua katika mbio hizo.

Hata hivyo, kauli ilishika njia. Wakimbiaji waliambiwa kwamba kiu ni mjumbe anayechelewa, na kwamba anayeisubiri amekwisha kudhurika. Mwaka 1996 Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilitoa mwongozo uliowataka wanariadha wanywe kiasi cha kufidia jasho lote linalotoka, au kadiri wanavyoweza kustahimili, kati ya mililita 600 na 1,200 kwa saa. Katika muda usiofika miaka 50, ushauri ulikuwa umegeuka kinyume chake.

Onyo kutoka Durban

Onyo lilikuwa limetolewa mapema, tena kutoka nchi ile ile ya Afrika Kusini. Mwaka 1981, katika mbio za Comrades za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, mkimbiaji mmoja mwanamke alichanganyikiwa, kisha akapoteza fahamu. Vipimo vya hospitali vilionyesha kwamba hakuwa na upungufu wa maji. Alikuwa nayo kupita kiasi, na sodiamu katika damu yake ilikuwa imeshuka vibaya. Mwaka 1985 Profesa Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichapisha taarifa ya wanariadha wanne waliopatwa na hali hiyo. Noakes mwenyewe alikuwa amewahi kuwahimiza wakimbiaji wanywe kwa wingi.

Maelezo yake ni haya. Damu ya binadamu ina kiwango maalumu cha sodiamu. Mtu anapokunywa maji kuliko anavyoyapoteza, figo kwa kawaida huyatoa kama mkojo. Lakini katika mazoezi marefu mwili huweza kutoa homoni inayoziamuru figo zizuie maji. Maji yakiendelea kuingia huku mlango wa kutokea umefungwa, damu huwa nyepesi, na maji hujipenyeza ndani ya chembe za mwili. Chembe za ubongo nazo huvimba, na fuvu la kichwa halina nafasi ya kutanuka. Mgonjwa huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, hupata mitukutiko kama ya kifafa, na anaweza kufa.

Kinywaji cha wanariadha hakimkingi mtu na hatari hiyo. Chumvi iliyomo ndani yake haifiki hata robo ya ile iliyomo kwenye damu, kwa hiyo anayekinywa kupita kiasi bado huizimua damu yake.

Watafiti wa Afrika Kusini waliwachunguza wakimbiaji wanane waliougua katika mbio za Comrades za mwaka 1988, na kuona kwamba kila mmoja wao alikuwa amebeba maji ya ziada, kati ya lita moja na karibu lita sita. Nchini New Zealand, waandaaji wa mashindano ya siku moja ya kuogelea, baiskeli na kukimbia waliuchukulia ushahidi huo kwa uzito. Mwaka 1997 walikuwa wamepata wagonjwa 25 wa aina hiyo. Mwaka 1998 waliongeza umbali kati ya vituo vya vinywaji njiani mwa baiskeli kutoka kilomita 12 hadi 20, wakawaelimisha washiriki, na wagonjwa wakapungua hadi wanne.

Boston, Aprili 2002

Marathoni ya Boston ya tarehe 15 Aprili mwaka 2002 inakumbukwa na wapenzi wa riadha Afrika Mashariki kwa ushindi wa Wakenya wawili. Rodgers Rop alishinda kwa wanaume, na Margaret Okayo akashinda kwa wanawake kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 43, iliyokuwa rekodi mpya ya mashindano hayo. Nyuma yao, miongoni mwa maelfu waliokimbia polepole, mwanamke mwenye umri wa miaka 28 alianguka akiwa karibu na mwisho, na baadaye akafariki dunia hospitalini. Ubongo wake ulikuwa umevimba kutokana na upungufu wa sodiamu.

Siku hiyo hiyo madaktari wa Boston walikuwa wakichukua sampuli za damu za wakimbiaji. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalitikisa wengi. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa, asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida, na watatu walikuwa katika hali ya kuhatarisha maisha, ingawa walikuwa wamefika mwisho kwa miguu yao. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani, waliokunywa zaidi ya lita tatu, na waliotumia zaidi ya saa nne. Aliyekunywa maji au aliyekunywa kinywaji cha wanariadha hakuonekana kutofautiana na mwenzake.

Takwimu hizo zilifichua kosa la msingi la ushauri wa zamani. Kipimo kilichotokana na wakimbiaji wenye kasi wanaotoka jasho jingi kilikuwa kimetolewa kwa kila mtu, akiwemo mtu mwenye umbo dogo anayetembea na kukimbia kwa saa tano, huku akikutana na kituo cha vinywaji karibu kila maili. Mkimbiaji wa mbele hana nafasi ya kunywa lita tatu. Wa nyuma anayo, na ndiye aliyekuwa mtiifu kwa mwongozo.

Chai ya maziwa na ugali

Katika miaka hiyo watafiti waligeukia pia makambi ya Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, ulioongozwa na Vincent Onywera, uliwafuatilia wakimbiaji 10 mashuhuri kwa siku saba katika kambi ya nyanda za juu karibu na Eldoret. Zaidi ya robo tatu ya nguvu ya chakula chao ilitokana na wanga, hasa ugali, na sukari peke yake ilichangia karibu sehemu moja ya tano. Kwa siku walikunywa wastani wa lita 1.2 za chai ya maziwa na lita 0.9 za maji. Hawakunywa kitu kabla ya mazoezi wala wakiwa mazoezini. Utafiti mwingine wa mwaka 2008 ulithibitisha kwamba wanariadha wa namna hiyo, waliokunywa kwa hiari yao tu, hawakuwa na upungufu wa maji siku hadi siku.

Januari mwaka 2009, katika marathoni ya Dubai, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 29. Watafiti walikadiria kwamba uzito wake ulipungua kwa karibu asilimia 10, kiasi ambacho miongozo mingi ilikitaja kuwa cha kumdhoofisha mtu kabisa.

Matokeo hayo hayana maana kwamba chai ya Eldoret ni dawa ya ushindi, wala kwamba kila mtu aige mwili wa Haile. Yanathibitisha jambo dogo zaidi, lakini la hakika: kanuni iliyodai kwamba mtu hawezi kukimbia vizuri bila kufidia kila tone la jasho haikuwa kweli.

Madai yahesabiwa

Mwaka 2012, kabla ya Michezo ya Olimpiki ya London, jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi kuhusu bidhaa za wanariadha. Watafiti wa Oxford walikusanya madai 431 ya kuongeza uwezo yaliyotolewa kuhusu bidhaa 104. Zaidi ya nusu ya kurasa zilizotoa madai hayo hazikutaja utafiti wowote. Kati ya tafiti 74 zilizoweza kutathminiwa, ni tatu tu zilizoonekana kuwa na ubora wa juu na uwezekano mdogo wa upendeleo.

Hata hivyo, historia hii haimpi mtu yeyote kibali cha kuaminiwa daima. Profesa Noakes, aliyekuwa sahihi kuhusu maji, baadaye aligeuka kuwa mtetezi wa lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo. Nchini Australia, Louise Burke na wenzake waliijaribu lishe hiyo kwa wanariadha bingwa wa mbio za kutembea. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba miili yao ilijifunza kweli kuunguza mafuta kwa wingi, lakini ilihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo ule ule. Wenzao waliokula wanga waliboresha muda wao katika kilomita 10, wao hawakuboresha. Ugunduzi wa Boston wa mwaka 1925 ulikuwa bado umesimama. Hata Eliud Kipchoge, alipokimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka 2019, alipokezwa njiani vinywaji vyenye wanga.

Kilichobaki

Wataalamu waliokutana Cape Town mwaka 2005, na tena California mwaka 2015, walifikia ushauri ulio mfupi: mwanariadha anywe anapohisi kiu. Bado upo mjadala juu ya wale wanaoshindana kwenye joto kali kwa saa nyingi, na wapo wanaopendelea mwanariadha ajipime uzito kabla na baada ya mazoezi ili aujue mwili wake. Katika jambo moja hakuna ubishi: anayemaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita kiasi.

Mabadiliko makubwa yako katika mahema ya tiba. Zamani mkimbiaji aliyeanguka alitundikiwa dripu mara moja, kwa kudhaniwa kwamba ameishiwa maji. Leo daktari anashauriwa kupima kwanza sodiamu, maana maji zaidi yanaweza kummaliza mgonjwa ambaye ubongo wake umevimba. Tiba yake ni kiasi kidogo cha maji ya chumvi kali, mililita 100 za asilimia 3, na mgonjwa anaweza kuanza kurejewa na fahamu katika muda mfupi.

Kwa anayejiandaa na marathoni mjini London, Chicago, Dubai au Nairobi, madai mapya hayatakosekana, yawe ya maji, ya mafuta, ya vidonge au ya unga. Maswali ya kuuliza ni yale yale yaliyochelewa kuulizwa kwa karibu karne nzima: ni nani waliopimwa, walilinganishwa na nani, ni nani aliyelipia kipimo hicho, na je, waliopimwa wanafanana na anayeshauriwa?